Juu ya Neno la Kiingereza "Bless" na Neno Letu Kubariki



Watoto wetu wanaosoma sekondari, mjini Moshi na huku juu migombani, siku hizi huja ibadani na Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, nao huzilinganisha mstari kwa mstari. Ni jambo jema, lakini huzaa maswali, na maswali hayo huwaangukia wazazi na wainjilisti. Moja ni hili la kitenzi "bless". Mtoto ameambiwa kwamba maana yake ni kubariki. Afungua Mathayo 5, aona Kiingereza chasema "blessed", na Kiswahili chasema heri. Afungua Zaburi 103, aona "bless" tena, na Kiswahili chataja kuhimidi. Afungua Waefeso 1:3, aona neno hilo la Kiingereza mara mbili katika mstari mmoja, lakini Kiswahili chatumia kutukuza mara ya kwanza, na mara ya pili tu ndipo chatumia kubariki. Basi huuliza: Je, wafasiri wetu walikosa?

Hawakukosa. Tumeona yafaa kulichunguza neno hili tangu shina lake, wala si kwa ajili ya Kiingereza peke yake. Neno kubariki limekuwa jepesi mno midomoni mwetu, na wako watu katika sharika zetu wanaoumizwa na wepesi huo. Tutafika huko.

"Bless" ni neno la kale. Zaidi ya miaka elfu iliyopita Waingereza waliliandika "bletsian", tena lilikuwa na maumbo mengine yaliyolikaribia zaidi neno "blod", ndilo neno lao la damu, ambalo sasa huandikwa "blood". Wataalamu wengi wa lugha hiyo wasema kwamba maana yake ya kwanza ilikuwa kutia damu, yaani kukipaka kitu au kukinyunyizia damu ya sadaka ili kitengwe na vitu vya kila siku. Hata Wajerumani, walio jamaa za Waingereza kwa lugha, hawana neno hili. Na msomaji asidanganywe na Kifaransa: kitenzi chao "blesser" maana yake ni kujeruhi, nacho chafanana na "bless" kwa sura tu. Si wa ukoo mmoja.

Neno la damu ya matambiko liliingiaje kanisani? Mwaka 597 watawa waliotumwa na Papa Gregori wa Roma walifika Kent, katika nchi ya Waingereza, wakiongozwa na Agustino (siye yule Agustino wa Hippo, mwalimu mkuu wa Afrika ya Kaskazini). Mwaka 601 Gregori alimwandikia Mellitus, mmoja wa wahubiri waliokuwa njiani kwenda huko, barua ambayo Beda aliihifadhi katika historia yake ya kanisa la Waingereza aliyoimaliza mwaka 731. Katika barua hiyo Gregori ashauri kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ndizo zivunjwe, nyumba zinyunyiziwe maji yaliyobarikiwa, na zitumike kwa ibada ya Mungu wa kweli. Na ng'ombe ambao watu walizoea kuwachinjia mashetani, wawachinje kwa karamu ya kumshukuru Mungu.

Barua yanena habari za nyumba na ng'ombe, wala si za maneno. Lakini kitenzi "bletsian" kilipita njia iyo hiyo. Wahubiri walipotafuta neno la kufasiri Kilatini cha kanisa, walilitwaa neno lililokuwa na damu mikononi mwake, wakaliosha, wakaliweka madhabahuni. Kwa hiyo Mwingereza anaposema leo "God bless you" kwa kumwaga rafiki stesheni, atamka neno lililozaliwa kwenye tambiko, wala hajui. Nasi twaona kwamba neno hilo halikupoteza kitu kwa kuoshwa huko. Aliyesoma Kutoka 24:8, jinsi Musa alivyowanyunyizia watu damu ya agano, hatashangaa kwamba damu na baraka vilikuwa jirani katika fikira za watu wa kale.

Wala sisi wa mlimani hatuwezi kuwacheka Waingereza wa kale. Wazee wetu walibariki kwa kutema mate. Mzee aliamka alfajiri, akatema mate kuelekea jua linakochomoza, akamwomba Ruwa awalinde watu wa nyumbani na ng'ombe. Mjukuu alipokwenda safari, alimtemea mate kidogo kichwani au kifuani pamoja na maneno mema. Penye pombe ya mbege, mzee alionja, akapuliza kidogo. Penye mbuzi aliyechinjwa, kipande cha ngozi yake kilivishwa kidoleni mwa anayeombewa. Mtu wa mbali akiona mambo hayo huona uchafu. Lakini fikira ni ile ile ya "bletsian": neno jema lataka mwili wa kushikamana nao, na mtu atoa kitu kilichotoka ndani ya uhai, mate au damu, ili neno lisipeperuke.

Waingereza wa Church Missionary Society walifika Moshi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892. Mwaka uliofuata wakaja Wajerumani wa misheni ya Leipzig, wakaanzia Machame. Hao walipohubiri kwa lugha zetu walikabiliwa na shida ile ile ya wahubiri wa Kent: watumie neno lipi lisilo na harufu ya mambo ya kale? Neno la namna hiyo halikuwapo. Hata jina Ruwa, ambalo Wakristo wa Kichagga hulitumia kumwita Mungu, ni neno la jua pia. Wakalitwaa. Na Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi ya Kale tangu mwaka 1910 hata mwaka 1938, ijapokuwa vita vilimwondoa kwa muda, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika si mambo ya kutupwa, bali ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewafungia watu pamoja. Wako waliomlaumu kwa kupenda mno mambo ya zamani. Hapa hatuamui shauri hilo. Twasema tu kwamba lilianza kabla ya Kilimanjaro kujulikana Ulaya.

Turudi kwa "bless". Baada ya kuingia kanisani lilikutana na neno lingine la Kiingereza, "bliss", ambalo maana yake ni furaha kamili. Asili yao ni mbali, lakini kwa kuwa sauti zao zafanana, watu waliyachanganya, kila moja likalivuta lenzake. Hapo ndipo "blessed" lilipoanza kuwa na maana mbili: mtu aliyebarikiwa, na mtu mwenye heri. Kiyunani cha Agano Jipya chatumia maneno mawili mbalimbali. Katika Mathayo 5 ni "makarios", neno la kumpongeza mtu kwa hali aliyo nayo. Penye kubariki ni "eulogein", yaani kunena mema, nalo ndilo Kilatini walilolifasiri sehemu kwa sehemu kuwa "benedicere". Luther naye aliyatenga: penye heri aliandika "selig", na penye kubariki aliandika "segnen". Nasi tuna heri na tuna barikiwa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitia yote mawili katika chungu kimoja. Basi mtoto akiuliza habari za Mathayo 5, aambiwe kwamba hapo Kiswahili kiko karibu na Kiyunani kuliko Kiingereza.

Jambo dogo kwa wale wanaoombwa kuwasomea wageni neno la Mungu kwa Kiingereza: "blessed" lina matamko mawili. Likiwa kitenzi, kama pale Yesu alipowabariki watoto, hutamkwa kwa pigo moja, kama "blest". Likiwa sifa, kama katika Mathayo 5, hutamkwa kwa mapigo mawili, bles na sid. Wengi husoma yote kwa namna moja. Si dhambi, lakini msomaji mzuri hutofautisha.

Hilo "segnen" la Wajerumani tusilipite. Latoka katika Kilatini "signare", kutia alama, na alama yenyewe ni msalaba. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther afundisha kwamba mtu akiamka asubuhi, na tena alalapo, ajibariki kwa alama ya msalaba mtakatifu, ndipo asali. Wakristo wengi wa sharika zetu hudhani kwamba kufanya ishara ya msalaba ni desturi ya Kirumi tu. Wafungue katekisimo yao penye sala za asubuhi na jioni. Waingereza nao wana msemo wa mtu fukara kwamba hana hata senti ya kujibariki nayo, maana senti zao za fedha za zamani zilichorwa msalaba.

Sasa neno letu. Kubariki na baraka tumeyapata kwa Waarabu, na Kiarabu ni ndugu ya Kiebrania, hivyo herufi tatu za shina, b, r, k, ni zile zile ambazo Musa na manabii walizitumia. Katika Kiebrania herufi hizo ni shina la kubariki, na pia la goti na kupiga magoti. Tena ziwa dogo au tangi la maji huitwa kwa herufi hizo hizo, na Kiarabu vivyo hivyo. Msomaji wa Yohana 9 alijua birika la Siloamu lilipo, lakini pengine hakujua kwamba birika na baraka yana herufi za shina moja. Je, goti na baraka ni neno moja, au ni maneno mawili yaliyofanana? Wataalamu hawakubaliani, nasi hatutajenga mafundisho juu ya jambo linalobishaniwa. Lakini katika nchi kavu, ngamia hupiga magoti palipo na maji, na mwenye mali humshukuru Mungu papo hapo. Basi haikuwa vigumu kwa masikio ya watu hao kuyasikia yote pamoja.

Anayetaka kuona neno hili likifanya kazi zake zote, asome Mwanzo 24 kwa utulivu, penseli mkononi. Ni habari ya mtumishi wa Ibrahimu aliyetumwa kumtafutia Isaka mke. Katika mstari wa 1 Mungu amembariki Ibrahimu katika mambo yote. Katika mstari wa 11 mtumishi awapigisha ngamia magoti karibu na kisima, na katika Kiebrania ni shina lile lile. Katika mstari wa 27 mtumishi ambariki Mungu, na katika wa 48 asimulia kwamba alifanya hivyo. Katika mstari wa 31 Labani amwita mgeni huyo mbarikiwa. Katika wa 35 baraka yahesabiwa kwa kondoo, ng'ombe, fedha, dhahabu, watumishi, ngamia na punda. Na katika mstari wa 60 jamaa za Rebeka wambariki anapoondoka, wakimtakia uzao mwingi. Yote yamo katika sura moja: mnyama apiga magoti, mtu amsifu Mungu, mali yahesabiwa, binti aagwa.

Hapo latokea swali kubwa zaidi. Tunawezaje kusema kwamba mtumishi alimbariki Mungu? Waraka kwa Waebrania, 7:7, wafundisha kwamba aliye mkuu ndiye ambarikiye aliye chini yake. Mungu amepungukiwa na nini hata apewe na mtumishi wa Ibrahimu? Kiebrania na Kiingereza hukaa na shida hiyo bila kuona haya: Mungu ambariki mtu, mtu ambariki Mungu, kitenzi ni kimoja. Wafasiri wa Kiswahili hawakuridhika. Mungu anapotenda, walisema kubariki. Mtu anapotenda kwa Mungu, walisema kuhimidi au kutukuza, na kuhimidi nalo ni la Kiarabu, shina la sifa na shukrani. Kwa hiyo katika Waefeso 1:3 walilikata neno moja la Kiyunani vipande viwili, Mungu atukuzwe, naye ndiye aliyetubariki. Twaona walifanya vema, ingawa tumepoteza kitu: katika Kiyunani msikiaji husikia neno likishuka kwetu na kupanda kurudi kwake.

Iko ajabu moja zaidi. Katika Ayubu 1:5 na 2:9 Kiebrania chaandika kumbariki Mungu, lakini maana yake ni kumkufuru. Waandishi waliona haya kuweka neno la laana kando ya jina la Mungu, wakaandika kinyume chake, wakitumaini kwamba msomaji ataelewa. Mtoto wa sekondari hataliona jambo hilo katika Biblia zake, kwa kuwa wafasiri wengi wameandika maana, si neno. Tumelitaja kwa wainjilisti, wasije wakaduwaa watakapokutana nalo vitabuni.

Sasa tufike pale tulipoahidi kufika. Tazameni jinsi neno hili linavyotumika kwetu. Kijana akitolewa kuwa mchungaji, twasema amebarikiwa. Watu waliooana kimila wakija kanisani baada ya miaka, twasema ndoa yao imebarikiwa. Nyumba mpya hubarikiwa, gari hubarikiwa, vijana wa kipaimara hubarikiwa. Mkutano wa siasa ukikubali shauri la viongozi, magazeti husema umelibariki. Siku hizi mtu akipewa kikombe cha chai hujibu, "Barikiwa!" badala ya asante. Haya yote hatuyakatazi. Lugha ni kama mfereji wa maji ya mlimani: waweza kuuelekeza kidogo, lakini huwezi kuuzuia.

Lakini liko tamko moja ambalo twaomba lipimwe, nalo ni hili "amebarikiwa" lisilo na mwisho. Katika sarufi, barikiwa ni kauli ya kutendwa, na kila kauli ya kutendwa yauliza, Na nani? Kikombe kimevunjwa na nani? Barua imeandikwa na nani? Waandishi wa Biblia kwa kawaida hulijibu swali hilo, au huliacha jibu wazi kwa msikiaji. Sisi tumeliacha kabisa. Twasema fulani amebarikiwa, maana yake ana nyumba ya ghorofa na magari mawili. Mtendaji ameondolewa katika sentensi, imebaki mali. Halafu twamtazama jirani yake, mama mjane mwenye kihamba kidogo na mibuni iliyokauka, na ingawa hatusemi kitu, sentensi yetu imekwisha kumsema.

Tena twasema, "wamebarikiwa mtoto wa kike." Ni maneno mazuri, na mtoto kweli ni baraka. Twamfahamu mama mmoja mwaminifu, hatutamtaja jina, aliyeolewa miaka mingi bila kuzaa. Aliacha kuja ibadani katika zile Jumapili ambazo wazazi wapya hutoa shukrani. Alipoulizwa na wenzake wa kikundi, alijibu kwamba anajua kuhesabu: kama wale ndio waliobarikiwa, basi yeye ameachwa katika kundi la pili. Hakuna aliyemwambia hivyo. Ni sarufi iliyomwambia.

Mtu atajibu kwamba hata Mwanzo 24:35 yahesabu ng'ombe na fedha. Ni kweli, nasi hatutaki kuyafuta Maandiko. Lakini asome vizuri: mtumishi hasemi kwamba bwana wake amebarikiwa, basi. Asema BWANA ndiye aliyembariki. Mtendaji yupo, tena ndiye wa kwanza katika sentensi. Na huyo Ibrahimu mwenye ng'ombe aliahidiwa baraka katika Mwanzo 12 alipokuwa hana mtoto wala shamba, na mkewe Sara alikuwa tasa. Kama baraka ni watoto na mali, basi kwa miaka ishirini na mitano, tangu kuitwa kwake hata kuzaliwa kwa Isaka, Mungu alikuwa amesema uongo. Nayo Waefeso 1:3 yataja baraka za rohoni ambazo tumekwisha kupewa sote katika Kristo, mama yule hakosi hata moja. Kwa hiyo twawashauri wanaotangaza matangazo waseme tu, "Mungu amewajalia mtoto," maana kujalia ni neno la zawadi, wala halimtengi asiyepewa. Na neno kubariki lihifadhiwe kwa jambo ambalo kila aliyebatizwa aweza kulipokea.

Limebaki jambo la mate, ambalo twajua wasomaji walikuwa wakilingojea. Babu ambariki mjukuu anayekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, amtemea mate kifuani kama alivyotemewa yeye. Je, kijana aliyepata kipaimara akubali? Wengine hukataa kwa hasira, wakamwacha mzee amesimama na mkono wake hewani. Wengine hukubali kwa woga, wakidhani wasipotemewa watapatwa na laana, maana zamani huku kwetu laana ya mzee iliogopwa sana, na kilikuwako hata chungu maalumu cha kulaania. Wa kwanza amemdharau mzee, wa pili amemfanya mzee kuwa Mungu.

Hapa Kiswahili chatusaidia kuliko Kiingereza, maana kina neno la tatu, radhi. Watu wa pwani hawaendi safari bila kuomba radhi ya wazazi. Radhi ni ridhaa ya moyo wa mzazi: nimekuachilia, sina neno nawe, nenda. Hiyo ni yake mzee, aweza kuitoa kwa kuwa anayo. Baraka si yake, hawezi kuitoa mfukoni mwake, aweza tu kuiomba. Isaka katika Mwanzo 27 alikuwa kipofu, akadanganywa, akambariki asiyemkusudia, wala hakuweza kulirudisha neno lake ingawa Esau alilia kwa uchungu. Kama baraka ingalikuwa mali ya Isaka, angaliitwaa tena kwa Yakobo na kumpa Esau. Basi twamshauri kijana apige magoti, apokee radhi ya babu yake, na mate yakija, yasimtie hofu wala karaha. Bwana wetu mwenyewe alitumia mate alipomponya bubu kiziwi katika Marko 7, na alipomfumbua macho kipofu katika Yohana 9. Kisha wasali pamoja kwa jina la Yesu, babu na mjukuu. Lakini kama kuna mbuzi wa kuwachinjia marehemu ili wasikasirike, hapo si radhi tena, ni ibada, na kijana aseme kwa heshima kwamba hataweza.

Mwisho, jambo linalowahusu wainjilisti. Katika utaratibu wetu, mchungaji amalizapo ibada huinua mikono na kusema "akubariki", bali mwinjilisti aongozaye ibada bila mchungaji husema "atubariki", akijihesabu pamoja na kusanyiko. Wengine wametuuliza kama baraka hiyo ya pili ni pungufu. Siyo. Someni Hesabu 6:22 hata 27. Makuhani waliamriwa waseme maneno, lakini mstari wa mwisho waonyesha kwamba wao huliweka jina la Mungu juu ya watu, na Mungu mwenyewe ndiye atakayebariki. Tofauti ya "akubariki" na "atubariki" ni tofauti ya kazi aliyokabidhiwa msemaji, si tofauti ya kile kinachotoka mbinguni.

Tena baadhi yao, wakiona kanisa limejaa, hugeuza maneno ya Haruni na kusema "awabariki", wakidhani wanasahihisha sarufi. Kwa Kiswahili si kosa, na mahali pengine ndivyo ilivyozoeleka. Lakini wajue kwamba katika Kiebrania, ijapokuwa makuhani walisema na wana wote wa Israeli, kila neno la baraka hiyo lilisemwa kwa umoja, kana kwamba mbele yao alisimama mtu mmoja tu. Kiingereza cha leo hakiwezi kuonyesha jambo hilo, maana "you" ni mmoja na ni wengi pia. Kiswahili chaweza. Kwa hiyo mchungaji akisema "akubariki" mbele ya watu mia tano, hajakosea hesabu. Amemsemesha kila aliyeketi pale, hata yule mama wa benchi la nyuma.